Sema ni Mgeni

Bathsheba Bochaberi alikuwa na mkono mwepesi kuliko sisi sote. Mtoto akiwa bado anajiandaa kulia, yeye ameshamaliza: kidole kimetobolewa, tone la damu limekaa kwenye karatasi nyeupe, pamba imebanwa. Nilifanya naye kazi miaka sita, kuanzia 1993, katika mradi wa utafiti wa malaria uliokuwa na maabara Homa Bay mjini na vijiji vyake kandokando ya Ndhiwa. Yeye alitoboa, mimi niliandika. Jina langu ni Mirumbe, Mkuria wa upande wa Migori, na katika kikosi chetu cha vijijini ni sisi wawili tu ambao hatukuwa Wajaluo. Labda ndiyo sababu alizoea kuniambia mambo ya nyumbani kwake.

Alitoka juu kabisa kwenye milima ya Kisii, kwenye mashamba ya chai, ambako watu hulala na mablanketi mawili na mbu ni habari ya kusimuliwa. Mume wake, Motari, alikuwa fundi wa baiskeli. Huko kwao barabara zilikuwa za kupanda na kushuka na baiskeli zilikuwa chache, kwa hiyo mwaka 1987 walihamia Ndhiwa, ambako nchi imelala na kila nyumba ina baiskeli mbovu. Miezi miwili haikwisha kabla Bochaberi hajaanguka. Alikuwa na mimba ya miezi mitano. Homa ilimtikisa siku nne, na ya tano mimba ikatoka. Alisema jambo analolikumbuka zaidi ni jirani yake Zilpah kuingia ndani na uji, akamgusa paji la uso, na kusema bila wasiwasi wowote, akimwita binti wa Kisii kwa Dholuo, lugha ya Wajaluo, "Ni malaria tu, nyar Kisii. Utaizoea."

Zilpah alikuwa amezaa watoto tisa na wanane walikuwa hai. Bochaberi aliwaangalia watoto hao kwa wivu ambao hakuuficha aliponisimulia. Mkubwa wao akipata homa asubuhi, jioni yuko uwanjani na mpira wa makaratasi. Mwaka 1989 Bochaberi akajifungua mtoto wa kiume, wakamwita Bichage. Akaishi miezi kumi na minne. Homa ya siku tatu ikamwondoa. Kwenye matanga wanawake walikuja wakakaa naye, na mmoja akasema kwa Dholuo, akidhani haelewi, kwamba hawa watu wa milimani damu yao ni nyepesi. Alikuwa anaelewa. Miaka miwili na nusu alikuwa ameshajifunza.

Kemuma alizaliwa Aprili 1991. Huyu aliugua sana lakini hakufa. Mama yake alimbeba mgongoni kliniki hadi kliniki, akamnywesha klorokwini chungu iliyopondwa na sukari, akamwekea vitambaa vya maji. Alipofika miaka minne homa zikaanza kupungua, zikaja zikapita. Miaka mitano, akawa kama watoto wa Zilpah.

Kufikia wakati huo Bochaberi alikuwa kazini. Mradi ulitaka mtu aliyemaliza kidato cha nne, anayejua Dholuo, Kiswahili na Ekegusii, kwa sababu katika soko la Ndhiwa kulikuwa na familia nyingi za kutoka milimani. Alipoomba, akachukuliwa siku hiyo hiyo. Aliyetufundisha kazi alikuwa Hamud, mtu wa maabara kutoka Pwani, mpole, mwenye Kiswahili cha kututia haya. Alitukalisha kwenye benchi akatueleza bila haraka.

"Kimelea cha malaria kimevaa protini kama mtu alivyovaa nguo," alisema. "Mwili ukiumwa mara ya kwanza hauijui hiyo nguo. Ukiumwa mara ya kumi, ya ishirini, unaijua. Unatengeneza kingamwili za kuikamata. Ndiyo maana mtu mzima wa hapa anaweza kuwa na vimelea kwenye damu na bado akalima. Kazi yetu ni kupima hizo kingamwili: nani anazo, ana umri gani, anazo kiasi gani."

Nilimwona Bochaberi ameacha kuandika. Baadaye, tukitembea kurudi, aliniambia, "Miaka sita nimekuwa nikijiuliza nilimkosea Mungu wapi. Kumbe ni nguo."

Sisi wafanyakazi pia tulitolewa damu. Mwaka 1995 Hamud alimwonyesha Bochaberi majibu yake: kingamwili zake zilikaribia za wanawake waliozaliwa hapo. Alifurahi kama mtu aliyepewa kitambulisho. Alimpelekea Zilpah habari hiyo na Zilpah akacheka, akasema basi sasa ni Mjaluo, kilichobaki ni kupenda samaki.

Katika mikutano ya kina mama ndiye aliyekuwa akizungumza, kwa sababu alizungumza vizuri. Nimemsikia mara nyingi akisema maneno ambayo mradi ulituagiza tuseme: mtoto mdogo ndiye aliye kwenye hatari kubwa, akishapita miaka mitano katika eneo hili, mwili wake umejifunza, ataumwa, lakini mara nyingi hataumwa vibaya. Yalikuwa maneno ya kweli. Kina mama waliyapenda, na yeye pia.

Januari 1997 Kemuma alikuwa wa kuanza darasa la kwanza. Motari alitaka apelekwe milimani kwa nyanya yake. Mama yake Motari alikuwa peke yake, shule ya huko ya Waadventista ilisifika, na hakukuwa na mbu. Hili la mbu ndilo alilolisema mara nyingi. Hakuwa amemsahau mtoto wao wa kwanza. Bochaberi alibishana kidogo tu. Alinieleza kwamba moyoni alikuwa anatamani mtoto abaki, lakini hakuweza kupata sababu ambayo isingesikika kama uchoyo. Nani atakataa kumwondoa mtoto penye malaria?

Mtoto akapanda milimani. Miaka miwili mama yake ndiye aliyekwenda kumtembelea, kila likizo, akirudi na habari: amenenepa, anaimba kanisani, amekuwa wa nne darasani. Hakuugua homa hata moja. Bochaberi alilisema hili kwa fahari. Mimi nililisikia kwa fahari. Tulikuwa watu wawili ambao kazi yetu ya kila siku ilikuwa kingamwili za malaria, na hakuna hata mmoja wetu aliyesimama kufikiri.

Bochaberi aliwahi kumuuliza Hamud, lakini kwa namna ya mtu anayeuliza jambo la kitabuni. Tulikuwa tunapanga karatasi za damu kwenye mifuko. "Bwana Hamud, mtu akihama hapa, hizo kingamwili zinabaki?"

"Zinapungua," Hamud alisema. "Zinapungua upesi kiasi gani, na kama mwili hukumbuka zikirudi kuhitajika, hapo hata wakubwa wetu wanabishana. Kila protini na tabia yake."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea na mifuko.

Mwisho wa Novemba 1998 shule zilifungwa, na Bochaberi alitaka mtoto wake aje nyumbani kwa Krismasi. Motari alisema aachwe huko huko. Bochaberi akasema miaka miwili ni mingi, mtoto atamsahau mama yake. Kemuma akaja. Nilimwona siku ya pili: msichana mrefu wa miaka saba, mwenye mashavu ya baridi na Kiswahili cha darasani, akinisalimu "Shikamoo mwalimu" ingawa mimi si mwalimu.

Wiki hiyo tulikuwa na zoezi la Desemba. Kaya ya Motari ilikuwa kwenye orodha yetu tangu mwanzo, na damu ya Kemuma tulikuwa nayo ya kila mwaka hadi 1996. Tarehe tisa tukafika nyumbani kwao. Mama akamtoboa mwanawe kidole, mimi nikajaza fomu. Kulikuwa na swali: mhusika amekuwa nje ya eneo kwa zaidi ya mwezi mmoja? Nikaandika ndiyo, miezi ishirini na tatu. Damu ya mtu wa aina hiyo haikuchanganywa na nyingine. Ilitiwa katika mfuko wa pembeni, ikapelekwa Homa Bay, ikawekwa kwenye friji ikingoja kuamuliwa kama itapimwa.

Tarehe kumi na sita mtoto alishikwa na homa. Bochaberi hakushtuka. Alimpeleka kwenye zahanati karibu na soko, mahali anapojulikana. Tabibu alimwangalia mtoto, akauliza ana miaka mingapi.

"Saba," alisema Bochaberi.

"Ni mtoto wa hapa?"

"Wa hapa. Amezaliwa hapa hapa Ndhiwa."

Basi tabibu akaandika klorokwini ya siku tatu, akasema akimaliza atakuwa anacheza. Ndivyo walivyofanyiwa watoto wote wa miaka saba, na karibu wote walicheza. Mwaka huo serikali ilikuwa imeanza kuiacha klorokwini kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea, lakini dawa mpya zilikuwa hazijafika kila mahali, na kwa mtu mwenye kinga yake hata dawa dhaifu ilisaidia.

Siku ya kwanza homa ikashuka kidogo. Siku ya pili mtoto akatapika dawa, mama akampa nyingine. Motari akasema wampeleke hospitali kubwa. Bochaberi akamwambia, "Baba Kemuma, hii ni kazi yangu. Nimeona mamia. Kesho ataamka." Haya alinieleza mwenyewe, neno kwa neno, akiniangalia usoni, kama anayetaka yaandikwe.

Asubuhi ya tatu Kemuma hakuamka vizuri. Macho yalikuwa wazi lakini hayakumwona mtu. Kabla ya saa mbili akaanza kutetemeka mwili mzima. Zilpah ndiye aliyekimbia barabarani akasimamisha gari letu, lililokuwa limekuja kuchukua vifaa. Dereva hakusubiri kumwomba mtu ruhusa. Nilikaa nyuma nao, mguu wangu ukiegemea sanduku la barafu, mtoto amelazwa mapajani mwa mama yake. Njia nzima Bochaberi alikuwa anamwita kwa Ekegusii, sauti ya chini, kama mtu anayemwamsha mwanawe aende shule. Hospitali ya Homa Bay walimpokea haraka, wakamwekea dripu ya kwinini. Saa tano na nusu akafa.

Walimzika milimani, kwenye shamba la babake Motari. Nilikwenda. Ilikuwa baridi na watu walikuwa wengi, na nyanya yake Kemuma alikuwa akirudia jambo moja kwa kila aliyemshika mkono: mtoto ameondoka kwangu mzima. Motari alisimama upande mmoja wa kaburi na mke wake upande mwingine. Sikuwaona wakizungumza.

Januari Bochaberi alirudi kazini. Mkuu wa mradi alimwambia apumzike zaidi, naye akasema hajui kupumzika kunafanywaje. Alitoboa vidole kama zamani. Jambo moja tu lilibadilika: hakuzungumza tena kwenye mikutano, nikalazimika kuzungumza mimi.

Machi Hamud alikuja Ndhiwa bila kutumwa. Alitukuta kwenye chumba cha kuhifadhia vifaa, akafunga mlango. Alikuwa ameupima ule mfuko wa pembeni kwa hiari yake, baada ya kazi.

"Dada Bochaberi," alisema, "sijui kama nafanya vyema kukuambia hili."

"Niambie."

"Damu ya mwaka tisini na sita ilikuwa na kingamwili nyingi. Ile ya Desemba, kwa protini zile tunazopima, karibu hakuna kitu. Ukinipa bila jina nitasema ni mtoto wa milimani ambaye hajawahi kuumwa na mbu."

Bochaberi alikuwa amekaa kwenye katoni ya pamba. "Hiyo damu ilifika kwako lini?"

"Tarehe kumi, Desemba."

"Homa ilianza tarehe kumi na sita."

"Najua."

"Na kama mngeipima siku ileile?"

Hamud alivua miwani. "Hatukuipima siku ileile. Hatupimi ili kutibu, dada. Na hata ningeipima, namba hizi haziniambii nani ataugua. Nimeona wenye nyingi wakaugua na wenye chache wakasalimika. Singekuwa na uhakika."

"Sikuulizi uhakika," alisema Bochaberi. "Nakuuliza kama ungeniambia."

Hamud alifuta miwani yake kwa shati. Nadhani alikuwa mtu mwaminifu, na jibu la uaminifu lilikuwa hapana. Lile neno "ndiyo, miezi ishirini na tatu" lilikuwa mwandiko wangu. Nilikuwa nimeliandika mbele ya mtoto mwenyewe, halafu nikafunga kalamu.

Bochaberi alitoka nje. Nilimfuata. Alisimama kwenye jua akasema, si kwangu hasa, "Mimi ndiye niliyemwambia tabibu ni wa hapa. Kama ningesema ni mgeni, angempa kitanda."

Juni ukafanyika mkutano wa kurudisha majibu kwa wananchi, katika ukumbi wa kanisa. Mkuu wa mradi alibandika ukutani karatasi kubwa yenye mstari unaopanda: chini umri, kando kingamwili. Alieleza vizuri jinsi mstari ulivyopanda kadiri mtoto anavyokua, na jinsi matokeo haya yatakavyosaidia siku moja kutengeneza chanjo. Watu walipiga makofi. Kisha Bochaberi akasimama, kwa mara ya kwanza tangu Desemba, amevaa koti letu la kazi.

"Watoto waliohama na kurudi wako wapi kwenye mstari huo?"

Mkuu wa mradi alimjua na alijua habari zake. Alijibu kwa upole. Alisema walikuwa kumi na mmoja tu, wachache mno kuweza kusema lolote, na iliwabidi kuwaondoa ili wasivuruge hesabu.

"Nimeelewa," alisema Bochaberi, akakaa.

Kuanzia wiki hiyo akaanza kazi yake mwenyewe. Tukimaliza nyumba, mimi nikishafunga fomu, yeye alikuwa akibaki mlangoni na mwenye nyumba. Aliuliza kama kuna mtoto au mtu yeyote anayekaa Nairobi, Kericho, Kisii, popote penye baridi, na anatarajiwa likizo. Halafu alisema, polepole, kwa Dholuo: akija, alale ndani ya neti. Akipata joto tu, msimnyweshe vidonge vya dukani, msingoje kesho, mpelekeni hospitali. Na wakiwauliza, msiseme ni mtoto wa hapa. Semeni ni mgeni. Damu yake imeshasahau.

Wengine walimsikiliza. Wengine waliudhika, kwani ni nani anataka kuambiwa mjukuu wake ni mgeni katika boma la babu yake? Mzee mmoja akaenda kulalamika kwa chifu kwamba watu wa mradi wanawatisha, na chifu akapeleka habari kwa mradi. Niliitwa Homa Bay. Waliniuliza jambo moja: ni kweli Bochaberi amekuwa akitoa ushauri ambao utafiti haujauthibitisha, akiwa amevaa koti la mradi? Nilikuwa na mke na watoto wawili. Nikasema ni kweli. Kwa kweli ilikuwa ni kweli. Wakaandika, nikatia sahihi.

Mkataba wake haukuongezwa. Alipopewa barua aliisoma mara moja, akavua koti akalikunja vizuri, akaniachia mezani. "Nani alitia sahihi?" aliuliza. Nikamwambia ni mimi. Akasema, "Mwandiko wako ni mzuri, Mirumbe. Hata siku ile ya fomu nilifikiri hivyo."

Motari alirudi milimani mwezi Agosti. Kabla ya kuondoka alimtaka mke wake waende pamoja, na kwa mara ya kwanza wakazungumza yote. Motari alisema, wewe ndiwe uliyemtaka aje Krismasi. Bochaberi alisema, wewe ndiwe uliyemtaka aende. Kila mmoja alikuwa sahihi, na baada ya hapo hawakuwa na la kuongeza. Motari alifunga vyombo vyake vya kazi akaenda, na nasikia alioa tena.

Bochaberi alibaki Ndhiwa akiuza maharagwe na njugu sokoni. Watu walidhani atarudi kwao, na Zilpah alimuuliza waziwazi anakaa kwa ajili ya nani. Alimjibu, "Nikikaa huko miaka miwili nami nitakuwa mgeni hapa. Nimelipia kuwa wa hapa."

Desemba ya mwaka huo binti yake Zilpah alikuja kutoka Nairobi na mtoto wa miaka sita. Siku ya kumi na mbili mtoto akapata joto. Zilpah akasema ni malaria tu. Bochaberi aliacha maharagwe yake yakiwa wazi juu ya gunia, akaingia katika nyumba ile, akambeba mtoto bila kuomba, akatoka naye barabarani huku mama mtu akimfuata peku. Hospitalini Bochaberi ndiye aliyejibu maswali. Mtoto alilazwa siku nne, akapona, akarudi Nairobi mwaka mpya ulipoingia.

Zilpah alikuwa akiwaambia watu kwamba Mungu ni mwema, na kwamba jirani yake, maskini, tangu afiwe amekuwa mtu wa hofu. Hata homa ndogo anaikimbiza Homa Bay. Alilisema kwa mapenzi. Siku moja nilipokuwepo sokoni, Bochaberi alikuwa amekaa hatua chache tu kutoka alipokuwa Zilpah, akichambua mawe kwenye njugu, na alisikia kila neno.

Kesho yake nilipopita tena, kwenye meza ya Bochaberi kulikuwa na mwanamke ambaye mimi sikumjua, aliyetoka upande wa Magunga. Alikuwa anauliza ni wapi anapatikana yule Mkisii anayejua habari za watoto waliorudi.